Kozi wawili wanaopita Kusini kwetu: kwa nini mmoja yuko salama na nduguye anapungua?

#1 Mwanaruvuma (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Kusini, habari za humu ndani.

Kila mwaka mvua za kwanza zikidondoka kuna picha huwa zinarushwa humu na kwenye magrupu ya WhatsApp: ndege mwembamba, mabawa marefu yaliyochongoka, katua juu ya mti mkavu au anazunguka juu ya kichuguu kumbikumbi wakitoka. Majibu ni yale yale, "mwewe huyo", "huyo ndiye anayemaliza vifaranga", na mjadala unaishia hapo. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu baadhi ya ndege hao ni wageni wa mbali, hawana shida na kuku wa mtu, na mmoja wao yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini duniani.

Nazungumzia kozi wawili ndugu. Wa kwanza ni kozi-masizi, ambaye wanasayansi wanamwita Falco concolor. Wa pili ni kozi wa Eleonora, Falco eleonorae. Wote wanazaliana kaskazini ya mbali, na wote wanakwenda kumalizia mwaka Madagaska. Kabla ya kuvuka bahari wanashuka kupitia bara la Afrika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kilwa, Lindi, Mtwara na Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma zote ziko njiani.

Kinachowafanya wawe ndugu wa kweli si rangi tu, ni namna wanavyopanga mwaka wao. Ndege wengi wa kaskazini huzaa baridi inapoisha, Aprili hadi Juni. Hawa wawili wanasubiri. Wanataga mwishoni mwa Julai na Agosti, makinda wanatoka kwenye mayai ndege wengine wakiwa wameshamaliza kulea. Wanajua wanachosubiri: kuanzia mwishoni mwa Agosti mamilioni ya ndege wadogo wanatoka Ulaya na Asia kuja Afrika, wanavuka bahari na jangwa wakiwa wamechoka, na kozi wanawangoja angani. Ndicho chakula cha makinda. Nje ya msimu huo wa kulea, wazima wanaishi zaidi kwa wadudu: kereng'ende, panzi, nzige, nyenje, kumbikumbi. Oktoba makinda yakishajua kuruka, safari ya kusini inaanza, na kwetu wanafika pepo za kaskazi zinapoanza kushika, kama majahazi ya Muscat yalivyokuwa yakifika Kilwa.

Sasa tofauti. Eleonora ni ndege wa miamba ya baharini. Makazi yake ni visiwa vya Mediterania, pwani ya Essaouira kule Moroko na Visiwa vya Kanari, lakini zaidi ya asilimia 80 ya kozi hawa duniani wanazaliana Ugiriki peke yake. Wanakaa kwa makundi, mwamba mmoja unaweza kubeba jozi nyingi kabisa. Jina lake limetokana na Eleonora wa Arborea, mwanamke aliyetawala sehemu ya kisiwa cha Sardinia karne ya 14, na sheria za utawala wake zilikataza watu kuchukua kozi kwenye viota. Yaani ulinzi wake una historia ya zaidi ya miaka 600, na hilo mimi hunigusa kila nikilifikiria.

Masizi ni ndege wa jangwa na visiwa vikavu. Anazaliana Sahara ya Libya na Misri, visiwa na kingo za Bahari ya Shamu, Israeli na Yordani, Uarabuni, visiwa vya Hawar kule Bahrain, visiwa vya Daymaniyat na kisiwa cha Fahal karibu na Muscat. Anaweka mayai kwenye ufa wa mwamba, au chini ya kichaka kwenye kisiwa cha matumbawe, joto likiwa kali kiasi ambacho ndege mwingine asingethubutu. Jozi moja hapa, tatu kule, ishirini kisiwa kile.

Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ambayo kwa upande wa ndege tathmini zake hufanywa na shirika la BirdLife International, Eleonora yuko daraja la chini kabisa la wasiwasi. Masizi alipandishwa mwaka 2008 akawa "karibu na hatari", na mwaka 2017 akapandishwa tena akaingia rasmi kundi la walio hatarini, ngazi ya kwanza kati ya tatu kabla ya kutoweka porini.

Ndugu wawili, maisha yale yale, safari ile ile, mwisho mmoja wa safari. Nataka tujadili kilichowatenganisha, na sisi wa huku tunaingia wapi.

#2 Korosho_Mbili

Asante kwa uzi mkuu. Mimi niko Tandahimba. Nina maswali mawili ya mkulima. Kwanza, una uhakika hawa hawabebi vifaranga? Maana hapa kijijini mtu akimwona yeyote mwenye mdomo wa kupinda anashika manati. Pili, sisi tunapulizia mikorosho kila mwaka. Ndege anayekula wadudu kwenye eneo la dawa si ndiye anayekufa wa kwanza?

#3 Mwanaruvuma

Mkuu Korosho_Mbili, vifaranga wanabebwa na mwewe, yule wa kahawia mwenye mkia wa panda, na baadhi ya vipanga wanaovizia kwenye miti. Masizi na Eleonora wamejengwa kukamata kitu kinachoruka. Mabawa yao ni marefu, miguu myembamba, uzito wa mmoja haufiki nusu kilo, na masizi ni mdogo zaidi ya nduguye. Hawatui uani. Kama mtu amemwona kozi mwembamba wa kijivu juu ya mvumo Desemba, amuache na amwambie mwanawe aweke manati chini.

Kuhusu dawa, swali lako ni zito. Tazama kalenda. Salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga tunaipulizia kuanzia Juni, mikorosho inapochipua na kutoa maua, hadi Agosti au Septemba. Wageni hawa wanaingia mwishoni mwa Oktoba, Novemba na Desemba, wakati sisi tuko kwenye minada. Kwa hiyo salfa na kozi hawa karibu hawakutani. Ninachokiogopa zaidi ni dawa za kuua wadudu zinazotumika nje ya msimu huo: kwenye mboga za bondeni, kwenye mahindi ya mvua za mwanzo, na zile mtu anazomwaga kwenye kichuguu ili kukomesha mchwa. Kumbikumbi wakitoka kwenye kichuguu kilichotiwa dawa, wa kwanza kuwala ni ndege, na watu pia wanawala. Hilo linatuhusu sisi na watoto wetu kabla halijamhusu kozi.

#4 Nahodha wa Msimbati

Mimi si mtu wa vitabu lakini bahari naijua. Mwezi wa kumi na moja tukiwa tumetoka nje ya mwamba, asubuhi, huwa tunawaona ndege wa namna hiyo wanatoka barani wanaelekea matlai, wanapiga mabawa bila kusimama. Hawashuki kwenye samaki, hawafuati chombo. Vijana wakawa wanasema wamepotea. Kumbe wana kwao.

Mwanaruvuma, tofauti zao mtu anazitambuaje akiwa chini? Sisi tunamwona mweusi tu juani.

#5 Mwanaruvuma

Nahodha, shikamoo. Ulichoeleza kina thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Zamani wataalamu waliamini Eleonora anazunguka: anafuata Mediterania kwenda mashariki, anashuka Bahari ya Shamu, kisha pwani ya Somalia mpaka huku. Miaka ya 2000 walipoanza kuwafunga vifaa vidogo vya setilaiti mgongoni wakakuta sivyo. Kozi hawa wanakata bara la Afrika katikati. Wanavuka Sahara, mchana na usiku, wanapita misitu ya katikati ya bara, wanatokea pwani ya Afrika Mashariki, halafu wanajitosa juu ya maji kuelekea Madagaska. Safari nzima inazidi kilomita 8,000. Mlango wa Msumbiji hata pale ulipo mwembamba una karibu kilomita 400, na pa kutua ni pachache, kama Komoro kwa anayepita kaskazini. Masizi waliofungwa vifaa Oman nao walishuka kupitia Ethiopia, Kenya, Tanzania na Msumbiji kabla ya kuvuka. Kwa hiyo hao uliokutana nao nje ya mwamba hawakupotea hata kidogo.

Kuwatambua, hebu nijitahidi, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea.

Masizi mzima ni kijivu cha majivu mwili mzima, juu na chini, bila michirizi kifuani. Ncha za mabawa zinaelekea weusi. Miguu, ngozi ya juu ya mdomo na duara la jicho ni njano, na kwenye kijivu kile njano hiyo inaonekana kwa mbali. Akiwa ametua, mabawa yanafika mwisho wa mkia au kuupita. Mkia nao una alama nzuri: manyoya mawili ya katikati yamerefuka kidogo, kwa hiyo mwisho wake ni kama kabari. Anapenda mti mkavu ulio wazi, mara nyingi yuko peke yake, na anawinda sana jua likikaribia kuzama, wakati popo na wadudu wanatoka.

Eleonora ni mkubwa zaidi, mabawa yake yakitandazwa yanakaribia mita moja, na mkia wake ni mrefu. Yeye ana sura mbili. Wengi, kama robo tatu hivi, wana koo na mashavu meupe, sharubu nyeusi, na kifua chenye rangi ya kutu iliyojaa michirizi. Robo iliyobaki ni weusi mwili mzima, weusi wa kahawa iliyoungua, na hao ndio wanaochanganywa na masizi. Ukimwona mweusi akiwa juu yako, angalia chini ya bawa. Eleonora ana sehemu mbili: upande wa mbele mweusi kabisa, manyoya ya nyuma yamepauka. Masizi chini ya bawa ni kijivu kinachofanana. Na angalia mwendo. Eleonora asipokuwa na haraka anapiga mabawa polepole, kwa ulaini, mpaka mtu anashangaa haanguki. Akianza kufukuza kereng'ende, anabadilika kabisa.

Makinda wa mwaka wa kwanza ndio shida. Wote wawili wana michirizi na sharubu, na kwa mbali hata mzoefu husita. Mkiwa na picha iwekeni humu. Kama haionyeshi vya kutosha, ni heri tuandike "kozi" tukaishia hapo kuliko kubandika jina la kubahatisha.

#6 Bibi Shamba wa Masasi

Kaka Mwanaruvuma umeeleza vizuri, naomba niongeze ya huku juu, maana Masasi, Nachingwea na Newala hatuko pwani lakini tunawaona kozi wengi.

Kuna wa kijivu mwingine ambaye ni mwenyeji wetu. Anakaa kwenye mivumo na mibuyu mwaka mzima, kichwa chake kimepauka kuliko mwili, na akiruka kiuno chake juu ya mkia ni cheupeupe. Huyo ni kozi wa Dickinson. Mtu akimwona Julai au Agosti asiseme ni masizi, masizi wakati huo yuko jangwani analalia mayai.

Halafu kuna kozi wa Amur. Hao ni wengi, wanakuja kwa makundi makubwa nyuma ya mvua, wanatoka mashariki ya mbali ya Asia, Siberia na kaskazini mwa China, wanapita India, kisha wanavuka Bahari ya Hindi. Dume ni kijivu, lakini miguu yake ni ya rangi ya chungwa iliyoiva kuelekea nyekundu na makalio ni ya kutu. Ukiinua darubini ukaona nyekundu miguuni, jua si masizi.

Nimemtaja Amur makusudi. Mwaka 2012 iligundulika kwamba huko Nagaland, India, kwenye bwawa la Doyang, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu wakiwa njiani kuja huku kwetu, wanawauza kama kitoweo. Wazee wa vijiji, makanisa, serikali na wahifadhi wakakaa pamoja, na msimu uliofuata, 2013, unasaji ukakoma. Wale wale waliokuwa wakitandaza nyavu wakawa walinzi. Mimi nafanya kazi na wakulima kila siku na najua mtu akielezwa vizuri na asidharauliwe, anabadilika. Sitaki kusikia tena kwamba "watu wetu hawaelewi".

Kuhusu dawa kwenye vichuguu, naunga mkono kwa mikono miwili. Na kwa mikorosho, wale sisimizi wekundu wa mtini, maji moto, mnaowafukuza kwa moto ni askari wenu dhidi ya mbu wa mikorosho. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamelifanyia kazi jambo hili muda mrefu. Shamba lenye maji moto linahitaji dawa kidogo zaidi.

#7 Kijana wa Chikongola

Wakuu samahani kama nitawakwaza. Kuna jamaa aliniambia Waarabu wananunua kozi kwa mamilioni, na kwamba mtu akimkamata mmoja amemaliza ujenzi. Ni kweli?

#8 Mwanaruvuma

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza hadharani, kwa sababu maneno hayo yanazunguka na yataingiza vijana matatizoni.

Wanaofuga kozi wa kuwindia wanataka ndege wakubwa wenye nguvu ya kupiga mawindo mazito. Masizi na Eleonora si ndege hao. Anayekula kereng'ende na ndege wa ukubwa wa shomoro hawezi kuwindia ndege mkubwa kama tandawala. Aliyekuambia habari hizo ama haelewi, ama anatafuta wa kumtuma porini yeye akae pembeni.

Na sheria iko wazi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata mnyama au ndege wa porini bila kibali. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Biashara ya kozi wote kimataifa inabanwa na mkataba wa CITES. Ukikamatwa na kozi kwenye kikapu, hakuna atakayekuuliza ulidanganywa na nani.

#9 Mzawa Halisi

Nimesoma yote. Kwa heshima, mimi sioni kwa nini mzigo huu uwe wetu. Ndege wanazaliwa Ugiriki na Oman, wanakula Madagaska, hapa wanapita wiki mbili tatu. Wenyewe wawahifadhi. Kusini tuna bei ya korosho, tuna barabara, tuna zahanati hazina dawa. Nipe sababu moja ya mimi kujali.

#10 Mwanaruvuma

Ndugu Mzawa, hoja yako ni ya haki na nitaijibu kwa uzito wake. Hakuna mtu anayekuomba uache barabara ukachunge ndege. Nisikilize tu kuhusu hesabu, kwa maana naamini kilichowatenganisha ndugu hawa wawili kwa sehemu kubwa ni kuhesabiwa.

Eleonora kwa muda mrefu alikadiriwa kuwa na jozi elfu kadhaa tu, na watu walikuwa na hofu juu yake. Kisha Wagiriki wakaamua kuwahesabu sawasawa. Kati ya 2004 na 2006 waliingia kwenye boti, wakapita kisiwa kwa kisiwa, vikiwemo vile visivyokaliwa na mtu, wakapata jozi zaidi ya 12,000 nchini mwao pekee. Makadirio ya dunia yakapanda mara mbili hivi. Na kwa kuwa sasa walijua nani yuko wapi, wakajua pia adui ni nani: panya na paka walioletwa visiwani na watu, wageni wa kitalii kwenye fukwe zilizo chini ya viota, sumu za mashambani. Kwenye baadhi ya visiwa wakawaondoa panya. Nchi nyingi anamozaliana ziko Umoja wa Ulaya, zina sheria moja ya ndege. Kisiwa kinajulikana, idadi inajulikana, mtu wa kumwajibisha anajulikana.

Masizi ilikuwa kinyume chake. Kulikuwa na makadirio ya zamani ya jozi 40,000, yaliyotokana na kukisia ukubwa wa jangwa. Kila mtu akalala. Watafiti walipoanza kwenda visiwani na jangwani wenyewe, wakakuta ndege wachache mno. Makadirio ya sasa ni ya maelfu machache ya ndege wazima duniani kote. Tazama pia ni nchi gani anazitegemea: Libya, Eritrea, Sudan, Yemen. Nani atamwendea na daftari kule kwenye vita? Na kule kwenye amani, visiwa vya Ghuba vimejengwa, wavuvi na watalii wanashuka kwenye fukwe kipindi kile kile cha Agosti anacholalia, mayai yanachukuliwa, panya na paka wanafika na boti. Ndege anayetaga mayai mawili au matatu kwa mwaka, kwa kuchelewa, hana nafasi ya kurudia akipoteza.

Wote wawili wanaumizwa na jambo moja huko waendako. Madagaska ilipoteza karibu asilimia 44 ya misitu yake ya asili kati ya 1953 na 2014. Nzige walipovamia kisiwa kile, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na serikali yao waliendesha kampeni ya kupulizia kuanzia 2013 hadi 2016. Sitawalaumu, watu walikuwa wanakabiliwa na njaa. Lakini nzige ndiye chakula cha kozi. Eleonora mwenye makumi ya maelfu ya ndugu anaweza kupoteza wengi akainuka. Masizi hawezi.

Sasa sisi. Ni kweli hawazaliani hapa. Lakini ndege aliyetawanyika jangwa zima, huwezi kumhesabu jangwani. Njiani ndiko anakopita mahali pembamba, na pwani kuanzia Kilwa hadi Ruvuma huenda ni mojawapo ya mahali hapo. Pwani hii wenye darubini ni wachache, lakini wenye macho ni wengi, Nahodha ni shahidi. Kumbukumbu za mvuvi, mkulima na mwalimu wa Kusini zikiandikwa kila mwaka zinaweza kuonyesha kama masizi anapungua, au anabadili njia, au anachelewa. Hiyo ndiyo sababu yangu, mkuu.

Kuna jingine linalonisumbua binafsi. Wanaporudi kaskazini, Aprili na Mei, ndipo vimbunga vimeanza kutugonga. Kenneth alipiga Cabo Delgado Aprili 2019, Mtwara tukahamishwa usiku. Hidaya alikuja Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika. Ndege wa gramu mia mbili na kitu akiwa katikati ya mlango wa bahari usiku ule, sijui kama kuna dua inayomtosha. Tusipoandika tunachokiona kabla na baada, hatutajua kamwe nini kiliwapata.

#11 Mzawa Halisi

Hapo kwenye hesabu nimekuelewa. Bado nasema zahanati kwanza, lakini kuandika tarehe kwenye daftari hakumzuii mtu kudai dawa. Niko Kilwa Masoko. Niambie niangalie nini.

#12 Mwalimu Rutamba

Na mimi nina klabu ya mazingira shuleni, hapa Lindi vijijini. Tuna ziwa, tuna msitu wa Litipo karibu. Watoto wana macho makali kuliko sisi. Tunaanzaje bila vifaa?

#13 Mwanaruvuma

Mwalimu, na ndugu Mzawa, karibuni sana. Nimefurahi mno.

Darubini ni nzuri lakini si sharti. Simu yenye kamera ya kuvuta inatosha kwa ndege aliyetua. La muhimu ni vitu vinne kwenye daftari: tarehe, saa, mahali panapotambulika, na alikuwa anafanya nini. Ongeza upepo na mvua kama umeweza. Siku mliyokwenda kuangalia msione kitu, andikeni pia kwamba hamkuona, hiyo nayo ni taarifa kamili.

Muda bora ni saa moja na nusu ya mwisho kabla ya magharibi, siku ya pili au ya tatu baada ya mvua ya kwanza, kumbikumbi wakiwa wanatoka. Kwa watoto wa Rutamba, ukingo wa ziwa pale kereng'ende wanapojazana ni mahali pazuri kuliko ndani ya msitu. Kilwa Masoko simama upande wa bahari uangalie anga la Kisiwani asubuhi na jioni. Mtwara, rasi ya Msangamkuu na Shangani. Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma tumwachie Nahodha na vijana wake, wakikubali.

Taarifa zikishakusanyika zisibaki kwenye simu. Kuna mradi wa Tanzania Bird Atlas unaopokea kumbukumbu za ndege wa nchi nzima, kuna Nature Tanzania ambao ni washirika wa BirdLife hapa nchini, na kuna tovuti ya eBird ambako mtu anaingiza mwenyewe bure. Wekeni picha iliyo bora hata kama imetoka na ukungu kidogo.

#14 Nahodha wa Msimbati

Vijana nimewaambia. Daftari nimelifunga kwenye nailoni nikaliweka kwenye sanduku la nanga, na kalamu ya risasi maana ya wino inayeyuka. Tutaandika wanaoelekea matlai na wanaorudi. Nina swali moja tu: wakirudi Aprili wanakuja kwa njia ile ile, au tuwatazamie kwingine?

#15 Mwanaruvuma

Nahodha, wakirudi wana haraka ya kufika na upepo umeshageuka kuwa kusi, kwa hiyo wengine wanapita bila kutua kabisa. Baadhi ya Eleonora waliofuatiliwa kwa setilaiti walirudi kwa njia ya mashariki zaidi kuliko waliyokwendea, wakipitia upande wa Pembe ya Afrika. Kwa hiyo msiangalie nje ya mwamba tu, angalieni na juu, sambamba na pwani, wakielekea kaskazini. Anzeni katikati ya Aprili mpaka Mei iishe. Na mkimwona ametua ufukweni amechoka, msimkaribie, mpeni masaa apumzike ataondoka mwenyewe. Andikeni tu saa aliyotua na saa aliyoruka.